Punda Akipiga Teke, Tazama Miguu Yake Kwanza

Somo la kikundi: kupambana na nzi wanaouma mifugo

Katika somo hili tutazungumza juu ya adui mdogo anayeruka. Tunawaandikia hasa wenye punda wa mkokoteni, wenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa nyuma ya nyumba, na wale wanaotunza farasi na ngamia wa kupandisha wageni ufuoni. Jina la mtaa wetu, Ziwa la Ng'ombe, latukumbusha kwamba mifugo si wageni hapa. Siku hizi nyumba zimesongamana, na banda la mmoja linagusa ukuta wa jikoni wa mwenzake. Kwa hiyo habari ya nzi si ya mfugaji peke yake, ni ya mtaa mzima.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Methali ni nzuri, lakini mara nyingine tunamsingizia mnyama. Punda amesimama na mkokoteni, mitungi inajazwa maji, naye anapiga mguu wa mbele chini, kisha wa nyuma, anatikisa kichwa na kuvuta kamba. Mwenyewe anaona ni ukaidi, anachukua fimbo. Lakini angeinama kidogo akatazama chini ya goti, huenda angekuta nzi wanne au watano wamejibandika pale wananyonya damu. Punda hana mikono ya kujipangusia, hiyo miguu ndiyo mikono yake. Fimbo itamwongezea maumivu, na nzi watabaki palepale.

Mnyama anayeumwa na nzi mchana kutwa hali vizuri, hapumziki, na nguvu zake hupungua. Ng'ombe hupunguza maziwa. Farasi anayerukaruka anaweza kumwangusha mtoto aliyempanda. Punda akikonda, mkokoteni unalala, na mkokoteni ukilala jikoni hakuna moto. Basi tusiseme ni mambo ya nzi tu.

1. Tuwajue kwa sura na tabia

Si kila nzi anauma. Nzi wa kawaida wa jikoni hana mdomo wa kutoboa ngozi, kazi yake ni kulamba. Wanaouma, ambao tunahitaji kuwajua, ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni nzi wa zizini. Ukimwona kwa mbali utasema ni nzi wa nyumbani, lakini mtazame kwa karibu: ana mdomo mgumu kama sindano uliochomoza mbele ya kichwa. Hupenda miguu ya mnyama. Dume na jike wote wanauma, na kwa siku moja wanaweza kula zaidi ya mara moja. Akishashiba huondoka, akatua ukutani au kwenye ua kupumzika. Ndiyo sababu ukimtazama mnyama kwa dakika moja unaona nzi wachache, kumbe kundi zima liko kwenye ukuta linangoja zamu.

Wa pili ni pange. Huyu ni mkubwa, macho yake ni makubwa yenye kung'aa, na akiuma hata mtu ataruka. Jike peke yake ndiye anayeuma, maana anahitaji damu ili atage mayai. Anapenda jua kali la mchana, na anavutwa na kitu cheusi au cha kung'aa. Hapendi kuingia kivulini. Tuishike sana tabia hiyo, itatusaidia mbele.

Wa tatu ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Akitulia, mabawa yake hulaliana mgongoni kama makasi yaliyofungwa. Mbung'o anakaa vichakani na msituni, kama kule Shimba Hills katika Kwale, wala si nzi wa mitaa yenye nyumba nyingi. Lakini mnyama anaweza kununuliwa kule akaletwa huku akiwa na ugonjwa tayari.

2. Wanazaliwa wapi?

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Wengi tunadhani nzi hutoka porini au kwa jirani, kumbe nzi wa zizini huzaliwa zizini hapohapo. Jike hutaga katika majani makavu ya kulalia yaliyolowa mkojo na kuchanganyika na mavi, katika mabaki ya majani yaliyooza chini ya hori, na katika lundo la samadi lenye unyevu. Funza hutoka, hukua humo ndani, na katika joto letu hili la pwani yai huwa nzi kamili kwa muda wa wiki 2 hadi 3.

Sasa hesabu mwenyewe. Ukinyunyiza dawa leo na kuacha lundo lako la samadi bichi pale pale, wiki ijayo na ile inayofuata watatoka wengine wapya. Utanunua dawa tena, na tena. Pesa inakwisha, nzi hawaishi. Lakini ukiondoa mahali pa kuzalia kabla ya siku hizo kutimia, umekata mnyororo.

Kazi yenyewe ni hii:

(a) Kila siku asubuhi zoa mavi na majani yaliyolowa. Usingoje Jumamosi.

(b) Angalau mara mbili kwa wiki fagia pembe zote, chini ya hori na kandokando ya ukuta. Funza hujificha pembeni, kwa kuwa katikati mnyama hupakanyaga.

(c) Mabaki ya majani yasikae yakaoza. Mpe mnyama kiasi anachoweza kumaliza, na yanayobaki yaondoe.

(d) Ziba bomba linalovuja na uinue mahali pa kunyweshea. Maji yakimwagika kwenye majani na mavi, umewaandalia nzi kitanda.

(e) Samadi usiitupe mtaroni. Ukiwa na nafasi, itandaze nyembamba juani ikauke, maana funza hawawezi kuishi pakavu. Kama huna nafasi, irundike mahali pamoja, uifunike kwa karatasi ya plastiki na kugandamiza kingo zote kwa mawe. Lundo hupata joto, funza hufa, na baada ya miezi michache una mbolea nzuri ya mchicha na ya migomba.

Wale wenye farasi ufuoni nao waangalie mwani. Wakati wa kusi bahari hutupa majani mengi ufuoni. Huko Florida, Marekani, nzi hawa wa zizini wamejulikana kuzaliana katika majani ya bahari yanayooza pwani na kuwasumbua hata watu wanaoota jua. Kwa hiyo usimfunge mnyama wako karibu na lundo la mwani linalooza.

Pange ni kesi nyingine. Hutaga kwenye majani yaliyo juu ya maji au matope, na funza wake hukaa humo topeni. Hatuwezi kukausha kila dimbwi, hasa masika yakipiga. Kwa pange, dawa yetu ni kumwepuka, kama tutakavyoona.

3. Tumkinge mnyama mchana

Tulisema pange anapenda jua na kuogopa kivuli. Basi saa za jua kali, tangu saa nne hivi mpaka saa kumi, mnyama asiye kazini akae bandani. Si lazima liwe banda la gharama. Paa la makuti na upande mmoja ulio wazi kwa ajili ya hewa latosha. Malisho yawe asubuhi na mapema au jioni jua likipungua, na mbali na madimbwi. Maji mpelekee kwa ndoo badala ya kumtembeza kwenye kinamasi saa saba mchana.

Kwa farasi tuongeze neno. Kuna visubi, wadudu wadogo sana wanaouma tangu jua likizama hadi alfajiri, nao hueneza ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika. Punda huuvumilia, lakini farasi wengi hufa. Kwa hiyo farasi asilale nje, naye achanjwe. Chanjo ipo, muulize daktari wa mifugo.

Kitambaa nacho ni kinga. Shuka kuukuu la pamba, la rangi nyeupe au hafifu, likifunikwa mgongoni wakati wa mapumziko humpunguzia pange. Kwenye mkanda wa kipajini funga vishada vya kamba vinavyoning'inia mpaka machoni. Kila akitikisa kichwa, vishada vinafukuza nzi. Na tafadhali usimkate mkia. Mkia ndio mwengo wake.

Habari ya rangi wataalamu wameichunguza sana. Huko Hungary walikuta kwamba farasi mweupe huvuta pange wachache kuliko mweusi. Mwaka 2019, Wajapani waliwachora ng'ombe weusi mistari myeupe kama pundamilia, na nzi wanaouma waliotua juu yao wakapungua karibu nusu. Mwaka huohuo, Uingereza, farasi walivishwa mashuka yenye mistari ya pundamilia: pange walikuja karibu kama kawaida, lakini wakashindwa kutua vizuri. Hatusemi kila mtu akampake ng'ombe rangi. Tunasema tu kwamba ukichagua kitambaa, acha cheusi, chukua cheupe au cha mistari.

Moshi je? Wazee wetu waliwasha moshi wa mavi makavu au majani ya mwarobaini jioni, nao husaidia kwa muda. Lakini uwashwe nje, upande ule upepo unakotokea, mbali na makuti. Moshi ndani ya banda lililofungwa huumiza mapafu ya mnyama, na katika mitaa yetu yenye nyumba zilizobanana cheche moja ni msiba.

4. Mtego wa kitambaa

Nzi wanaouma huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea, na wakifika hupenda kutua kwenye nyeusi. Kwa kutumia tabia hiyo, watafiti wa kituo cha ICIPE hapa Kenya, pamoja na wafugaji wa Nguruman katika Kajiado, walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi ulioitwa NGU, kwa ajili ya mbung'o. Baadaye ukatengenezwa mwingine hapahapa Kenya unaokamata mbung'o, pange na nzi wa zizini pia. Nao ukapewa jina la Kiswahili, "Nzi", na umejaribiwa katika nchi nyingi.

Namna unavyofanya kazi ni rahisi kueleweka. Nzi anaiona buluu kwa mbali, anaingia chini penye nyeusi, halafu akitaka kutoka anaruka kuelekea mwanga wa juu. Huko juu kuna chandarua cheupe kinachompeleka ndani ya chupa, na kutoka hawezi. Hakuna sumu. Fundi cherehani anaweza kuushona akipewa mfano. Uweke mahali pa wazi penye jua, karibu na banda lakini si ndani yake, na ufyeke majani yanayouziba. Kikundi kinaweza kuchanga na kushona miwili mitatu ya pamoja.

Huko magharibi mwa Kenya wafugaji wa ng'ombe wa ndani wamejaribu kuzungushia mabanda yao wavu uliotiwa dawa. Nzi wengi huruka chini, hutua kwenye wavu kabla ya kuingia, wakafa. Lakini usichukue chandarua chako cha malaria ukamfungia ng'ombe. Hicho ni cha watoto.

5. Dawa: hapa tuwe macho

Dawa ya kunyunyiza au kupaka mgongoni ina nafasi yake, lakini iwe ya mwisho, baada ya usafi na kivuli. Na hapa ndipo wanyama wanapoangamia kwa kutojua.

Kwanza, dawa ya kupe ya ng'ombe si ya punda. Katika maduka yetu kuna dawa nyingi za kupe zenye kemikali iitwayo amitrazi. Kwa ng'ombe ni nzuri, lakini kwa farasi na punda ni hatari. Huwazuia matumbo kufanya kazi, mavi hukwama, na mnyama anaweza kufa kwa msokoto wa tumbo. Kabla ya kununua, soma karatasi ya chupa. Kama huoni maandishi yanayosema ni ya farasi au punda, rudisha. Usione haya kumwambia muuzaji, "Nisomee hapa."

Pili, usimpake mnyama oili chafu ya gari wala mafuta ya taa. Huunguza ngozi, naye akijilamba anajitia sumu.

Tatu, maji yaliyobaki ya dawa usiyamwage karibu na kisima wala mtaroni. Nyingi ya dawa hizi huua samaki na nyuki upesi sana.

Nne, angalia vidonda. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu, lakini kwetu kidonda kinachoachwa wazi ni hasara ya mwenye punda. Mikanda ya mkokoteni ikimchubua, nzi hujaa pale, na nzi hao wanaweza kuacha viluwiluwi vya minyoo ya tumboni mwa farasi na punda. Kidonda kinakuwa chekundu, kinavimba, hakiponi wiki baada ya wiki. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, mpumzishe mnyama, na uweke kitambaa laini chini ya mkanda kabla hajachubuka tena.

6. Ugonjwa unaopanda mdomo wa nzi

Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa vijidudu vya damu. Dalili zake ni homa inayokuja na kwenda, kukonda ingawa anakula, ufizi kuwa mweupe, na wakati mwingine kuvimba miguu na tumbo. Ngamia ana wake unaofanana, uitwao sura, na huo hauhitaji mbung'o kabisa. Pange au nzi wa zizini anaanza kunyonya mnyama mgonjwa, anafukuzwa kabla ya kushiba, anarukia wa pili na mdomo ungali na damu mbichi. Kwa namna hiyo ngamia mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza ngamia na farasi waliofungwa karibu naye. Sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi inaweza kufanya kazi ileile ya nzi.

Kwa hiyo ukinunua mnyama kutoka maeneo yenye mbung'o, mtenge kwanza, na umwombe daktari ampime damu. Usimdunge mwenyewe kwa kubahatisha. Kuna dawa ya nagana ya ng'ombe ambayo inaweza kumdhuru vibaya farasi au punda, na kwa ngamia ni sumu. Gharama ya daktari ni ndogo kuliko bei ya punda mwingine.

Jambo la kutia moyo limetokea karibu nasi. Watafiti waliona kwamba mbung'o humkwepa kuro, yule swala mkubwa wa karibu na maji, kwa sababu ya harufu yake. Wakatengeneza harufu hiyo, wakaitia katika kifaa kinachovalishwa ng'ombe shingoni kama kengele. Walipoijaribu kwa wafugaji wa Shimba Hills, Kwale, ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80, kama walivyotangaza mwaka 2017.

7. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe

Nzi hajui mpaka wa kiwanja. Ukisafisha banda lako na jirani akaacha lake, umefanya nusu ya kazi. Tujifunze kwa ndugu zetu wa Unguja. Huko mbung'o aliwatesa ng'ombe kwa miaka mingi. Kwanza walipunguzwa kwa dawa za kupaka ng'ombe na vitambaa vyenye dawa. Kisha, kuanzia mwaka 1994, mbung'o madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, mamilioni kwa mamilioni. Majike wakapandwa na madume hao, wasizae. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Hakukuwa na njia moja ya ajabu. Zilikuwa njia kadhaa, zikafuatana kwa mpango, kisiwa kizima kwa pamoja.

Sisi hatuna ndege, lakini fagio na koleo tunazo. Wenye mabanda wa mtaa mmoja wakikubaliana siku moja ya kuzoa samadi yote, wakaifunika mahali pamoja, jirani asiye na mnyama hatakuwa na sababu ya kugombana na mfugaji. Na mbolea igawanywe hata kwake.

Kupima kama mnafaulu ni rahisi. Kila wiki, siku ileile na saa ileile ya mchana, hesabu nzi kwenye miguu ya mbele ya mnyama na uandike. Wataalamu wa ng'ombe husema wakifika 5 kwa mguu mmoja, hasara imeanza. Namba ikishuka wiki hadi wiki, endeleeni. Isiposhuka, katafuteni: kuna pembe mahali fulani haijafagiliwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wetu samadi hutupwa wapi sasa? Nani anaumia kwa hilo?
2. Nani kati yetu anayo chupa ya dawa ya kupe nyumbani? Ailete mkutano ujao tusome pamoja imeandikwa ni ya mnyama gani.
3. Je, punda wetu wana kivuli mchana wakingoja mzigo? Tunaweza kujenga wapi kibanda kimoja cha makuti cha pamoja?
4. Nani atashika daftari la kuhesabu nzi kwa wiki 6 zijazo?